Boksi la Mwangwi la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuja kwetu Kigera kukaa siku mbili tatu, akaondoka mvua zilipokatika. Alikuja na mama mkwe, kuku mmoja mzima, na kompyuta. Kuku tulimla Jumapili ile ile. Kompyuta ndiyo ilitula sisi.

Haikuwa kompyuta kama hizi za sasa unazobeba kwapani. Kioo chake kilikuwa na mgongo mkubwa kama televisheni za zamani, na mwili wake ulishabadilika rangi ukawa kama maziwa yaliyoungua. Pamoja nayo lilikuja boksi jeusi la chuma, bapa, mfano wa deki ya video, lenye vitufe viwili na kidirisha kidogo chekundu cha namba. Vyote hivyo mzee aliachiwa na bruda mmoja Mzungu aliyeishi parokiani kwao Butiama mpaka akaongea lugha ya pale kuliko baadhi yetu tulioolewa. Bruda alikuwa fundi wa umeme na mpenda muziki. Baba mkwe alikuwa mwalimu mstaafu na mwalimu wa kwaya. Urafiki wao wote ulikuwa wa kubishana kama sauti ya tatu iende juu au ibaki. Siku bruda anaondoka kurudi kwao kuzeeka, alimkabidhi mitambo ile akamwambia, "Mwalimu, nyimbo zako umezisikia kwa midomo ya watu tu. Sasa zisikie kwa vyombo."

Wakati huo umeme Butiama ulikuwa umefika barabarani lakini haujakata kona kwenda kwa mzee. Kwetu Kigera ulikuwepo, ingawa ulikuwa na tabia zake. Tena kwetu nilikuwepo mimi. Nilikuwa nafundisha watu kuchapa kwenye kituo kidogo cha kompyuta pale Mwisenge, na kanisani naimba sauti ya pili. Mzee alivyoona mtu mmoja anajua kibodi na anajua do-re-mi, aliamini kabisa kwamba mwanawe hakunioa kwa mapenzi bali kwa mpango wa Mungu kuhusu nyimbo zake.

Shida ilikuwa kwamba mimi ni mkwe.

Mimi nimezaliwa Guta, upande wa ziwani, na kwetu heshima ya wakwe ipo lakini ina nafasi ya kupumulia. Kwenye ukoo wa mume wangu haina. Mkwe mwanamke hamwangalii baba mkwe usoni. Hampi kitu mkononi, anakiweka chini na yule anakiokota. Hawakai chumba kimoja, na kugusana ni jambo ambalo hata kulitaja watu wanashusha sauti. Nilishaolewa muda mrefu na nilikuwa namfahamu baba mkwe zaidi kwa viatu vyake.

Sasa mtu wa namna hiyo ataniimbiaje noti nizichape?

Mume wangu, ambaye kazi yake ni mabomba ya maji na huwa anadhani kila tatizo ni la kuunganisha, alipigilia misumari miwili sebuleni akafunga pazia katikati. Upande mmoja mzee na kiti chake. Upande mwingine mimi na kompyuta. Na mama mkwe akawekewa kigoda pale pazia linapoishia, anatuona wote wawili, awe anapitisha maneno.

"Mwambie aandike so, la, so, halafu mi ndefu," ilikuwa sauti ya mzee nyuma ya pazia, asubuhi ya kwanza.

Mama mkwe alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Akanigeukia. "Anasema so, la, so, halafu mi ndefu."

"Nimesikia, mama."

"Najua umesikia, una masikio. Lakini mpaka niseme mimi."

"Hiyo mi, ndefu kiasi gani?"

"Anauliza ndefu kiasi gani."

"Mwambie mapigo mawili na nusu."

"Mawili na nusu," akasema mama mkwe, akatupa kichwa cha dagaa kwa paka.

Programu yenyewe ilikuwa ya zamani hata kwa siku zile. Haikuwa na picha wala rangi, haikuwa na kinanda cha kuchorwa unachobonyeza. Kilikuwa kioo cheusi na herufi za kijani. Upande mmoja unaieleza kompyuta chombo unachotaka, kwa namba tupu: kianze polepole au ghafla, kitetemeke au kitulie. Upande wa pili unaandika wimbo, kila noti mstari wake: inaanza lini, inadumu muda gani, ina nguvu kiasi gani, ni sauti ipi. Ubeti mmoja wa kwaya ulikuwa unajaza kioo na kupita. Ukimaliza unabonyeza, halafu unasubiri. Kompyuta inakokotoa mawimbi ya sauti moja moja, kamstari kadogo kanatambaa kwenye kioo, na hupaswi kugusa kitu. Sisi tulisema inapika. Mzee alikuwa anakaa upande wake wa pazia akiisikiliza inavyovuma kama mtu aliyebandika maharage. Umeme ukikatika katikati, unabandika upya.

Mzee hakukata tamaa hata siku moja, kwa sababu bruda alimsimulia walikotoka watu wa kazi hii. Wale wa kwanza kabisa, alisema, kompyuta yao ilijaza chumba kizima. Walikuwa wanaandika wimbo kwa kutoboa kadi, wanazipeleka kwa hiyo mashine, na mashine inawapa mkanda wa namba ambao haulii. Ili usikike, wanaubeba kwenye gari mpaka mji mwingine kwenye mtambo wa kugeuza namba ziwe sauti. Wakifika wanasikia kipande kifupi, pengine kimeharibika, wanarudi kuanza tena.

"Mwambie hao walikuwa wasomi wakubwa," alimalizia, "na walisubirigi. Yeye anasonya kwa sababu ya adhuhuri moja?"

"Umesonya?" mama mkwe akaniuliza.

"Kidogo."

"Anasema kidogo."

Wimbo wenyewe, mume wangu alininong'oneza, ulikuwa wa siri. Jubilei ya ndoa yao ilikuwa inakaribia, na mzee alikusudia kumwimbia mkewe mbele ya parokia nzima, yeye mama mkwe asijue mpaka siku hiyo. Lakini kwa mpango wa pazia, kila neno la siri ile lilikuwa lazima lipite mdomoni mwa mama mkwe. Mzee akaona njia ni moja: akatangaza kwamba anatunga wimbo juu ya mwanamke hodari anayesifiwa kwenye Maandiko.

Kwa hiyo tulikaa pale, tunatunga wimbo wa mwanamke hodari wa kwenye Maandiko, ambaye aliolewa akiwa amebeba chungu kichwani, akavuka mto, akazaa watoto saba, na alikuwa na kovu mguuni la kuumwa na mbwa wa mchungaji. Mama mkwe aliyapitisha yote bila kupepesa jicho. Kovu lenyewe alikuwa amelificha chini ya khanga.

Siku ya tatu akaanza kuhariri.

"Mwambie, 'Aliamka mapema akawasha moto,'" alisema mzee.

Mama mkwe hakunigeukia. Akasema kuelekea pazia, "Huyo mwanamke wa kwenye Maandiko, mbona hujaweka kulima?"

"Nani kasema alikuwa analima?"

"Kama alikuwa na watoto saba na mume mwalimu, alilima."

"Mwambie aweke kulima," mzee akasema.

"Weka kulima," mama mkwe akaniambia. "Weka mara mbili."

Kuanzia hapo sikujua tena neno lipi ni la nani. Mzee akisema juu, mama mkwe ananiletea chini, kwa sababu alijua mume wake akiimba juu koo linamsaliti. Mzee akisifu uzuri wa yule mwanamke, mama mkwe anasema hapo paruke, watu watacheka, nenda kwenye kulima. Wakati mwingine walibishana kwa lugha yao kwa kasi ambayo sikuifuata, halafu mama mkwe ananigeukia na kutoa muhtasari: "Anasema sawa."

Makosa yalikuwa yangu pia. Kuna mchana nilikuwa na njaa, nikaruka nukta kwenye ile mi ya mapigo mawili na nusu, ikawa mapigo ishirini na tano. Mbaya zaidi, niliipa chombo cha besi. Kompyuta ikapika mpaka jioni. Tulipoibonyeza ili ilie, ikatoa sauti moja nzito, ndefu, isiyo na mwisho, kwa kile kispika chake kidogo kinachotetemeka. Jirani alikuja uani anafuta mikono akauliza kama kuna meli imetia nanga, na kama imekuja na mzigo au watu.

"Mwambie jirani hiyo ni mi," mzee akasema nyuma ya pazia, kwa uchungu.

Ubaya ni kwamba hata wimbo ulipokaa sawa, kispika kile kiliutoa kama mbu ndani ya chupa. Na lile boksi jeusi tulikuwa hatujalitumia kabisa. Bruda alishamweleza mzee kazi yake: sauti ikiingia humo inageuzwa namba, namba zinachezewa, kisha zinatoka tena kama sauti, lakini sasa kama uko kwenye ukumbi, au pangoni, au kwenye kanisa kubwa la mawe ambalo Butiama hatuna. Kila mahali pana namba yake kwenye kile kidirisha chekundu. Lakini lilihitaji amplifaya na spika za maana, na hizo alikuwa nazo kaka yangu, ambaye ana duka Bunda mjini na hupiga muziki kwenye harusi.

Nikamwambia mama mkwe, naye akamwambia pazia, kwamba itabidi tusafiri Bunda ili kuusikia wimbo. Mzee alifurahi mpaka akasimama, niliona viatu vyake. "Kwenda mji mwingine!" alisema. "Kama wale wa kwanza!"

Tulifika Bunda na kompyuta imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Kaka yangu aliunganisha waya zake dukani, wateja wakisogea kuangalia. Akazungusha namba za boksi. Pango hapana. Ukumbi mdogo hapana. Alipofika namba ya kanisa kubwa akaachia wimbo.

Nilikuwa nimechapa kila noti ya wimbo ule kwa vidole vyangu na nilikuwa nimeshauchukia. Lakini pale dukani, kati ya ndoo za plastiki na magodoro, zile namba zilitoka kama filimbi nyingi zikipuliziwa mahali penye dari refu sana. Sauti ya tatu iliyowagombanisha mzee na bruda ilipanda, na ikawa mzee ndiye aliyekuwa sahihi. Mzee alitoka nje akasimama ameegemea ukuta wa duka, uso kwa tofali. Mama mkwe alimfuata. Walikaa huko mpaka wimbo ukaisha.

Waliporudi, kaka yangu, ambaye hana kifua cha kubeba mambo ya huzuni, alisema, "Mzee, wimbo ni mzuri. Ila ungeniachia niweke besi kidogo, watu wacheze."

"Mwambie huyo kaka yake," mzee akamwambia mkewe, "asiguse."

Alisahau kwamba yeye na kaka yangu walikuwa wanaongea moja kwa moja tu, bila shida.

Kaka yangu akaurekodi wimbo kwenye kaseti ili siku ya sherehe tusihangaike na kompyuta. Mzee ataimba kwa maiki, maiki inapita kwenye boksi, boksi limewekwa namba ya kanisa kubwa. Tukaijaribu. Hata kikohozi chake kilitoka kama cha askofu.

Jubilei ilifanyika Butiama. Baada ya misa, wageni walikaa chini ya turubai uwanjani. Mume wangu alisimamia jenereta nyuma ya migomba. Kaka yangu alikuwa kwenye spika. Boksi, mzee alitaka liwe mezani mbele yake mwenyewe, juu ya kitambaa cheupe, karibu na keki. Mimi nilikaa upande wa wanawake, mbali inavyotakiwa, macho chini inavyotakiwa. Pembeni ya turubai walifungwa mbuzi ambao ndugu waliwaleta kama zawadi.

Mzee alisimama na suti yake ya kustaafia. Akashika maiki. Katika sekunde ile ile nikasikia jenereta ikikohoa. Taa za kwenye turubai zikafifia, zikazimika, zikawaka tena. Watu hawakujali. Kaka yangu akanyoosha dole gumba kwamba kaseti ipo salama. Lakini mimi nilikuwa naangalia boksi, na kile kidirisha chekundu kilichokuwa kimeandika namba yetu sasa kilikuwa kimeandika moja. Umeme ulipokatika, boksi lilisahau kila kitu likaanza maisha upya.

Namba moja hatukuwahi kuijaribu.

"Mke wangu," alianza mzee, maiki ikiwa bado mbali na mdomo, na sauti ikatoka ya kawaida, nikapumua. Alikuwa ameamua kutoa maneno mafupi kabla ya wimbo. "Tumetoka mbali. Nimekukosea mengi. Mbele ya watu hawa nasema, nisamehe."

Hilo la mwisho alilisema ameisogeza maiki mdomoni, na boksi, ambalo namba moja yake ilikuwa mwangwi wa bondeni, likasema: samehe, mehe, mehe, mehe, mehe.

Mbuzi mmoja pembeni ya turubai akaitika.

Mzee aligeuka kumtafuta mtoto aliyemwigiza. Hakumwona. Akaamua kwamba labda hakusikika vizuri, akaikaribia maiki zaidi.

"Nimesema nisamehe!"

Mehe, mehe, mehe, mehe, likasema boksi, na sasa mbuzi wote waliitika, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule beberu mkubwa. Padri alitoa leso akajifunika uso mzima. Wanakwaya wa sauti ya nne walikuwa wameinamiana magotini, mabega yanaruka.

Mama mkwe, ambaye hajawahi kushindwa na kikao, akanyanyuka akachukua maiki mkononi mwa mumewe. "Mimi nimekusamehe," akasema kwa heshima zote. Mehe, mehe, mehe. Mbuzi wakamjibu naye.

Kule nilikokaa nilikuwa najua dawa: kitufe cha kulia kinapandisha namba, kanisa kubwa liko juu. Nikanyanyua mkono, nikasema kwa nguvu kiasi ambacho adabu inaruhusu, "Mama! Mwambie abonyeze cha kulia!"

Mama mkwe alifanya kazi aliyoizoea kule sebuleni Kigera. Alipitisha ujumbe. Kosa ni kwamba alikuwa na maiki mkononi.

"Anasema bonyeza cha kulia!"

Kulia, lia, lia, lia, lia, likasema boksi juu ya Butiama nzima.

Kulikuwa na bibi mmoja amefika amechelewa, anatoka mbali, na wakati huo ndiyo kwanza anaingia chini ya turubai. Aliona watu wameinama wanatikisika mabega, padri amejifunika leso, na sauti kutoka angani inaamuru watu walie. Akatua kikapu chake na kuanza kulia kwa sauti. Wanawake wawili wakamkimbilia. "Bibi, siyo msiba! Ni jubilei!"

"Nani amekufa?" bibi akauliza.

"Hakuna, bibi. Ni mashine."

Mzee huku anatafuta kitufe. Miwani yake ilikuwa kwenye mfuko wa koti lingine. Akabonyeza mara moja akaikaribia maiki aliyoshikiwa na mkewe. "Hapa?" akauliza.

Neno lile lilitoka nene na la chini, kama linatoka kisimani kwa mtu asiye na nia njema. Watoto waliokuwa wanaizunguka keki wakatawanyika. Kaka yangu alikuwa ameshika tumbo, hafai kwa lolote. Mume wangu yuko migombani na jenereta. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeijua namba ile.

Nikasimama. Sikumbuki kama niliamua. Nilipita katikati ya uwanja, sehemu ambayo mkwe hapiti, nikafika mezani, na vicheko vikakatika kama umezima redio. Kidole cha mzee kilikuwa bado juu ya kitufe. Nilisubiri akiondoe. Hakukiondoa, alikuwa ameganda kama mimi. Kwa hiyo nikaweka kidole changu juu ya chake, nikabonyeza, na kubonyeza, na kubonyeza, mpaka kidirisha kikaonyesha kanisa kubwa.

Nikasikia shangazi mmoja wa ukoo akivuta pumzi kwa nguvu.

"Kaseti," nikamwambia kaka yangu. Na filimbi zikaanza.

Mzee aliimba, mkewe bado amemshikia maiki. Aliimba chini, pale ambapo mama mkwe alipasahihisha, na koo halikumsaliti. Mimi sikuthubutu kurudi, maana kurudi kungekuwa kupita tena mbele yake, kwa hiyo nilibaki pale mezani kichwa chini kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, nikiangalia keki, wakati sauti yake ikizunguka juu yetu kwenye dari ambalo halikuwepo. Watu hawakucheka tena. Hata mbuzi walinyamaza. Ubeti wa kulima ulipofika, niliona mama mkwe akiinama kwa shangazi aliye karibu naye na kumnong'oneza, na maiki ikamdaka: "Hapo nimeweka mimi."

Baada ya chakula, wazee wa ukoo waliitana pembeni. Nilijua ni kuhusu kidole. Mume wangu alirudi kutoka migombani ananuka dizeli, akaambiwa mkewe amemgusa baba yake hadharani, akakaa chini kwenye kreti la soda bila kuuliza swali. Mama mkwe alikwenda kwenye kikao bila kuitwa. Aliyenisimulia kilichosemwa ni yeye.

Mzee mkubwa wao aliuliza baba mkwe atalisemaje jambo hili. Baba mkwe akajibu kwamba mkwe wake hakuinuka kabisa siku ile, alikaa kwenye kiti chake kwa adabu. Aliyekuja mezani ni fundi.

"Fundi gani?" wakauliza.

"Fundi wa boksi."

Wakalitafakari. Mmoja akataka kujua kama fundi wa baiskeli, akiwa ni mkwe, anaruhusiwa kushika baiskeli ya baba mkwe wakati amekaa juu yake. Wakabishana hilo la baiskeli mpaka soda zikaisha, na mwisho mzee mkubwa akasema kwamba fundi ni fundi, ila akimaliza kazi awe mkwe tena mara moja.

Hukumu hiyo baba mkwe aliishika neno kwa neno. Alipokuja tena Kigera, aliliondoa pazia kwa mikono yake, akaweka kiti nyuma ya bega langu. Kwenye mambo ya muziki aliniita fundi na aliniambia mwenyewe. Kwenye mengine yote nilibaki mkwe. Yaliweza kutokea ndani ya pumzi moja: "Fundi, hiyo fa imewahi. Mama, mwambie mkwe chumvi kwenye sato ilizidi." Na mimi nikiwa nimekaa hatua moja kutoka kwake ningejibu, "Nimeirekebisha, mzee. Mama, mwambie baba samahani." Wageni waliotukuta walidhani nyumba ina mgonjwa wa akili, hawakujua ni nani tu.

Tulipika nyimbo nyingi kwenye kompyuta ile mpaka siku moja ikatoa harufu ya mpira na kioo kikabaki na nukta moja ya kijani katikati, halafu ikaondoka na hiyo nukta. Boksi lipo kwa kaka yangu Bunda na bado linafanya kazi kwenye harusi. Siku hizi binti yangu anafanya yote kwa simu. Anaimba, simu inaweka ngoma, inaweka kanisa, inanyoosha na sauti iliyopinda, kabla chai haijapoa. Mzee alipoonyeshwa aliigeuza simu nyuma na mbele. "Na mnasubiria wapi?" akauliza. Binti akamwambia hakuna kusubiri. Alisikitika kwa niaba yetu.

Mwaka jana mama mkwe alikuja Kigera peke yake, jambo ambalo si kawaida yake. Alikula, akanawa, akaniambia nimwite binti na simu yake.

"Na mimi nina wimbo," alisema. "Wa mwanaume wa kwenye Maandiko."

Akaimba akiwa ameketi, mguu wenye kovu umenyooshwa, kwa sauti kavu isiyotafuta kupendeza. Mwanaume yule wa kwenye Maandiko alikuwa anapiga mapigo ya kwaya kwa mwiko kwenye sufuria ya watu. Alikuwa anasahau jembe shambani lakini hasahau noti. Alikoroma kwa sauti ya nne. Aliwahi kusimama ameegemea ukuta kule Bunda akasema jambo ambalo mama mkwe aliliimba kwa lugha yao, haraka, na alipofika hapo alitazama mlangoni. Sikuomba tafsiri.

Tukamtumia mzee Butiama kwa simu ya jirani. Tulikuwa mezani tunakula ningu, samaki wa ziwani, aliyeungwa kwa nyanya alipopiga. Nilimsikia anapumua kwanza.

"Fundi," akasema, "ubeti wa pili, ile so ni fupi mno. Mwambie aivute." Akakaa kidogo. "Sasa niitie mkwe. Au mwite mama yenu. Mtu yeyote. Kwani mimi nakoromaga?"

Nilimpelekea mama mkwe simu. Aliitazama, akachomoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani, akaendelea kula.